Oili Inayovuja na Ovadraivu Isiyoingia: Kwa Wenye Corolla za Zamani

Pita Kibokoni, Kuze au Bondeni alfajiri, uangalie chini ya magari yaliyolala nje. Kipande cha kadibodi chini ya injini, doa jeusi limetambaa, na mwenye gari amefungua boneti anaongeza oili kabla ya kwenda kazini. Mengi ya magari hayo ni Toyota Corolla, zile tunazoziita 100 na 110. Ya 100 ilianza kuuzwa Japani mwaka 1991, ya 110 mwaka 1995, na kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu lililopita miaka 8, hizi tulizonazo si wageni hapa. Zimekula chumvi ya bahari, zimepikwa na jua la Mvita, na kila raba iliyomo ndani imekuwa ngumu kama kwato.

Raba ngumu haizuii oili. Hilo ndilo jambo la kwanza. Sili na gasketi si vyuma, zina umri wake, na gari likivuja halina maana kuwa injini imekufa. Lakini kila mwezi nasikia mtu ameliuza gari lake kwa bei ya kutupa, au amefungiwa giaboksi nyingine nzima, kwa ugonjwa ambao dawa yake ilikuwa kipande cha raba au waya uliokatika. Kwa familia ambayo gari ndilo linalopeleka mgonjwa kliniki na watoto shule, hiyo si hasara ndogo. Nimefungua na kufunga injini hizi kwa miaka mingi, zangu na za jirani, na nitaeleza yale ambayo mtu mwenye spana, subira na asubuhi moja ya Jumapili anaweza kuyafanya, na yale ambayo asiyaguse.

Kwanza ujue ni nini kinachodondoka

Weka kadibodi nyeupe chini ya gari usiku, uitazame asubuhi. Maji safi yasiyo na harufu ni ya kiyoyozi, na kwa unyevunyevu wa pwani yetu huwa mengi, usiyaogope. Rangi ya kahawia au nyeusi ni oili ya injini. Kijani au pinki yenye utelezi ni ya rejeta. Nyekundu ni ya giaboksi ya otomatiki, ila hapa watu wengi huhukumu haraka: usukani wa pawa wa Toyota nyingi hutumia aina hiyohiyo ya mafuta mekundu. Ukiwa umesimama nyuma ya gari ukitazama mbele, giaboksi iko kushoto, upande wa abiria, na mikanda pamoja na pampu ya usukani iko kulia, upande wa dereva. Doa jekundu upande wa kulia lina uwezekano mkubwa wa kuwa la usukani.

Oili hushuka chini, na gari likienda upepo huisukuma nyuma. Kwa hiyo mahali inapodondoka si lazima ndipo inapotoka. Nimeona watu wakiambiwa kwamba sili ya nyuma ya krenki imekwisha, giaboksi ishushwe, na kumbe oili ilikuwa inatoka juu kabisa, kwenye tapeti kava, ikateremka taratibu nyuma ya injini hadi chini. Kazi ya kushusha giaboksi ni ya siku nzima au zaidi. Gasketi ya tapeti kava ni kazi ya saa mbili, na bei yake haifiki bei ya kujaza tangi la petroli.

Basi usibadilishe kitu chochote kabla ya kuosha. Injini ikiwa baridi, funika distribyuta na altaneta kwa mfuko wa plastiki, paka dawa ya kuondolea grisi, sugua kwa brashi, suuza kwa maji kidogo, acha ikauke. Kisha nyunyiza poda ya mtoto kwenye maeneo unayoyashuku. Endesha gari hadi Nyali na kurudi. Oili itachora njia yake juu ya poda, nawe utaifuata kutoka chini kwenda juu hadi unapokuta chanzo.

Mahali panapovuja zaidi

Katika injini ya 5A-FE, ile ya sentimita za ujazo 1,498, na ndugu yake 4A-FE ya 1,587, ambazo ndizo zilizo kwenye Corolla nyingi hizi, mimi huanza na sehemu tatu za juu: gasketi ya tapeti kava, raba za mashimo ya plagi, na raba ya mviringo ya distribyuta. Distribyuta imebandikwa kwenye ncha ya kichwa cha injini, upande wa giaboksi, na raba yake ikigumu oili hudondokea hasa pale ambapo injini na giaboksi hukutana. Hapo ndipo sili ya nyuma ya krenki husingiziwa.

Raba za mashimo ya plagi zina dalili yake. Ukivuta waya wa plagi ukaona ncha imelowa oili, raba imekwisha. Oili ikijaa ndani ya shimo, cheche hukimbilia pembeni na injini hukohoa, hasa asubuhi za masika. Watu hununua plagi mpya na waya mpya, gari likatengenea wiki mbili, kisha likarudia.

Kuna kitu kingine ambacho fundi wengi hukiruka, nacho ni vali ndogo ya kupumulia injini, imechomekwa kwenye tapeti kava kwa raba, na bomba lake linaingia kwenye njia ya hewa. Injini inapofanya kazi, gesi kidogo hupenya pembeni mwa pistoni na kuingia chini kwenye sampu. Vali hii huitoa. Ikiziba kwa uchafu mzito, gesi haina pa kwenda, inasukuma, na sili iliyo dhaifu kuliko zote hufungua mlango. Utabadilisha sili leo, mwezi ujao itavuja nyingine. Ing'oe, itikise karibu na sikio. Ikilia, ni hai. Ikinyamaza, nunua mpya, ni rahisi mno.

Kubadilisha gasketi ya tapeti kava

Injini iwe baridi kabisa. Toa waya wa hasi wa betri. Tia alama kwenye waya za plagi kwa utepe, moja hadi nne, kwa sababu ukizichanganya gari halitawaka vizuri. Kabla ya kufungua plagi yoyote, fyonza oili iliyomo mashimoni kwa kitambaa kilichosokotwa, maana ukifungua plagi kwanza, oili na mchanga vitaanguka ndani ya silinda.

Nati za kofia zilizo juu ya kava zilegeze kidogokidogo kwa zamu, usiifungue moja hadi mwisho ukaacha nyingine zimekaza. Kava likigoma, ligonge pembeni kwa mpini wa mbao. Usichokonoe kwa bisibisi, kwa sababu kava ni la aluminiamu na mkwaruzo mmoja ni njia ya oili kwa maisha yake yote.

Safisha mfereji wa kava hadi ung'ae. Gasketi ya raba huingia kavu. Watu wetu wana mapenzi makubwa na silikoni, wanaimwaga kuzunguka yote kama malai kwenye keki. Silikoni ya ziada hukatika ndani, ikateremka hadi kwenye chujio la sampu, na injini ikakosa oili. Tone dogo tu latosha kwenye pembe, pale sehemu ya nusu duara inapokutana na sehemu bapa. Kisha kaza nati kwa zamu, kwa mkono mwepesi, kaza yake haifiki Nyutoni-mita 10. Nati hizi hazikazwi kwa nguvu za kifua. Gasketi iliyominywa kupita kiasi huvuja kuliko iliyolegea.

Na ukinunua, ushike kwa mkono. Gasketi nzuri inapinda na kurudi, haina harufu kali ya taya la bandia, na kingo zake zimekatwa safi. Kwa sili zinazozunguka na shafti, uliza imetengenezwa kwa raba gani. Ile ya naitraili, ambayo kwa kawaida ni nyeusi, huchoka haraka kwenye joto la zaidi ya nyuzi 100. Ile ya vaitoni hustahimili hadi karibu nyuzi 200, ni ghali zaidi, na mimi hainiumi kuilipia kwa sababu kazi ya kufika ilipo ndiyo gharama yenyewe.

Sili za mbele

Sili ya kemshafti na sili ya mbele ya krenki ziko nyuma ya mkanda wa taimingi. Usizifungue peke yake. Zibadilishe siku unayobadilisha mkanda, na mkanda ulioloweshwa na oili usirudishwe hata kama ni wa mwezi uliopita, maana oili huila raba yake.

Kama hujawahi kufunga mkanda wa taimingi, fanya mara ya kwanza ukiwa na mtu aliyewahi. Alama za krenki na kemshafti zikae mahali pake kabla ya kuvua, na baada ya kufunga uizungushe krenki kwa spana mara mbili kamili, kwa mkono, uangalie alama tena. Ukihisi kitu kigumu kinazuia, simama. Ziko injini ambazo vali hugonga pistoni kwa kosa la meno machache.

Kuitoa sili ya zamani, kata mdomo wake kwa kisu, kisha ing'oe kwa bisibisi iliyofungwa utepe nchani. Hatari hapa ni kuikwaruza shafti. Mpya ipakwe grisi mdomoni, iingizwe sawasawa kwa kipande cha bomba chenye upana wake, ikigongwa kwa upole hadi ilingane na ukingo. Ukikuta shafti imechimbwa mfereji mwembamba na sili ya zamani, iache mpya kina tofauti kidogo, ipate sehemu laini ya kukaa.

Na neno moja kuhusu jeki. Katika vichochoro vyetu mtu huinua gari na kuliegemeza juu ya tofali la matumbawe lililobanduka ukutani. Tofali la matumbawe hupasuka bila kutoa onyo. Tumia stendi za chuma, kwenye sehemu tambarare, na gurudumu la akiba lilazwe chini ya gari kama tahadhari ya mwisho.

Ovadraivu

Hapa ndipo penye maneno mengi mjini. Ovadraivu ni gia ya nne ya otomatiki hizi, ile ya mwendo mrefu. Ikiingia, injini hupumua, mizunguko yake hushuka karibu theluthi moja kwa kasi ileile, kelele hupungua na petroli pia. Ukienda Malindi kilomita 120 bila ovadraivu, utaiona tofauti kwenye tangi na utaisikia masikioni.

Kuna kitufe kwenye mkono wa gia, na kuna taa kwenye dashibodi iliyoandikwa O/D OFF. Taa ikiwaka, ovadraivu imezimwa. Nimekutana na madereva wa miaka mingi wanaoamini kinyume, wanaiwasha taa wakiingia barabara kuu na kuizima mjini. Kabla ya kumwita fundi, hakikisha taa haiwaki. Kuizima ovadraivu kuna wakati wake: unapopanda kutoka Kombani kwenda Kwale na gari limejaa, au unaposhuka huko na hutaki kuchoma breki. Kwingineko iache.

Wazee waliokuwa na magari ya Kiingereza kama Triumph na MG, au Volvo za zamani, wanaijua ovadraivu nyingine, kile kiboksi cha Laycock kilichofungwa nyuma ya giaboksi ya mkono na kuwashwa kwa swichi. Ikigoma, huanzwa na kiwango cha oili, kisha waya na solenoidi, kabla ya kufungua chochote. Kanuni hiyo inafaa kwa Corolla pia.

Kiwango cha oili ya otomatiki hakipimwi kama cha injini. Endesha gari dakika 20 lipate joto, simama mahali tambarare, injini ikiendelea kuunguruma. Kanyaga breki, pitisha mkono wa gia kila mahali polepole, rudi P. Vuta kijiti, kipanguse, kirudishe, kivute tena, usome sehemu iliyoandikwa HOT. Rangi iwe nyekundu. Ikiwa kahawia na ina harufu ya kuungua, sahani za ndani zimeshaumia, na hapo sina dawa ya Jumapili. Ikiwa imepungua tu, tafuta inapovuja, mara nyingi ni sili za mashafti ya magurudumu. Usijaze kupita kiasi, kwani oili ikizidi hupigwa ikawa povu, na povu halina presha.

Kisha angalia kebo inayotoka kwenye kichapuzi cha hewa kwenda giaboksini. Kuna kibati kidogo kilichobanwa kwenye waya wake. Mtu akikanyaga petroli hadi mwisho, nafasi kati ya kibati na mdomo wa kebo iwe kati ya milimita 0 na 1. Ikivutwa kupita hapo, gia hubadilika kwa kuchelewa, na ovadraivu huja kwa kasi kubwa tu. Mara nyingi imeguswa na mtu aliyekuwa akitafuta jambo jingine.

Baadhi ya giaboksi hizi zinatawaliwa na kompyuta. Kwenye hizo, taa ya O/D OFF ikianza kupepesa yenyewe njiani, kompyuta inakuita. Chini ya boneti kuna kiboksi kidogo kimeandikwa DIAGNOSIS. Zima injini, washa swichi bila kustarti, kitufe cha ovadraivu kiwe kimewashwa, halafu unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya. Taa ikipepesa sawasawa bila kusita, hakuna kosa lililoandikwa. Ikipepesa kwa mafungu, hesabu: fungu la kwanza ni makumi, la pili ni mamoja. 42 ni sensa ya kasi ya gari. 62 na 63 ni solenoidi ya kwanza na ya pili, 64 ni ile ya kufunga konvata. Kosa la solenoidi mara nyingi ni waya uliooza kwa chumvi kwenye plagi yake. Isafishe kwanza.

Thamostati

Nimeiweka mwisho lakini ndiyo inayonikera zaidi. Jirani yangu, mzee aliyeendesha teksi maisha yake yote, anampeleka mkewe kliniki Makadara kila wiki kwa Corolla yake ya 100. Aliambiwa giaboksi imekufa, atafute nyingine kutoka Japani au auze gari. Ovadraivu ilikuwa inaingia mchana kwenye foleni za mjini, lakini usiku akienda kwa bintiye Mtwapa haiingii kabisa. Nikamwambia, "Ami, giaboksi iliyokufa haichagui usiku na mchana." Tukaangalia geji ya joto: ikifika barabara kuu, mshale ulikuwa unarudi chini. Tulipofungua nyumba ya thamostati, ilikuwa tupu.

Giaboksi hizi huzuiwa kuingia ovadraivu hadi maji ya injini yapate joto, karibu nyuzi 50 au zaidi kidogo. Bila thamostati, maji huzunguka rejeta wakati wote, na upepo wa barabarani huyapoza. Injini inaamini bado ni asubuhi. Inamwaga petroli nyingi, oili haipati joto la kukausha unyevu, inageuka tope, tope linaziba ile vali ya kupumulia niliyoitaja, na sili zinaanza kusukumwa. Kwa hiyo mzee alikuwa na magonjwa mawili, oili kuvuja na ovadraivu kugoma, yote kutoka kwenye shimo moja tupu. Thamostati mpya ya nyuzi 82 na vali ya kupumulia zilitosha. Gasketi ya tapeti kava tulibadilisha wiki iliyofuata.

Fundi wengi wa pwani huitoa kwa hoja kwamba Mombasa kuna joto. Lakini thamostati nzima hufunguka yenyewe maji yakifika joto lake. Gari likichemka nayo ikiwa nzima, rejeta imeziba au feni haifanyi kazi, na kuitoa ni kuficha ugonjwa. Ukitaka kuijaribu, itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni, washa jiko, uitazame ikifunguka karibu na nyuzi 82, muda mrefu kabla maji hayajachemka. Na rejeta zetu huziba kwa sababu ya maji ya visima vya Mji wa Kale. Yana chumvi, yanakula aluminiamu na kuacha magamba. Tumia kulanti na maji yaliyotoneshwa.

Usiyoyagusa mwenyewe

Sili ya nyuma ya krenki ni kazi ya gereji, kwa sababu giaboksi hushushwa. Vivyo hivyo sahani za ndani ya otomatiki, na sili za vali, zile zinazotoa moshi wa buluu unapowasha asubuhi. Ukienda, mwambie fundi kabla ya bei: giaboksi ikishuka, sili ya konvata ya mbele ya giaboksi ibadilishwe papo hapo, maana ni mlango uleule na kazi ileile. Omba kuziona sili za zamani zikitoka. Oili iliyomwagwa ichukuliwe kwenye mtungi, isitiwe mtaroni, maji ya mitaro yetu yanaishia Bandari ya Kale. Mafundi wa mbao huipenda kwa kupaka boriti dhidi ya mchwa, nao huja kuichukua wenyewe. Baada ya kilomita 500 rudi chini ya gari na tochi, upanguse sili mpya kwa kidole.